Shikamoo Moja Imezuia Harusi Yangu

Bi Mwantum mpendwa, shikamoo, na marahaba yako nahesabu nimeshaipokea, maana nikianza kuisubiri na hapa nitakwama, na kukwama ndiko kulikonifanya nikuandikie hapo gazetini. Naomba msaada wako kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili isipokwenda vizuri wazazi wa mchumba wangu Jenifa watairudisha posa yetu, na mimi bila Jenifa sijui nitakuwa mtu wa namna gani.

Mimi ni kijana wa hapa Chanji, kazi yangu ni kuandika programu, yaani yale maagizo ambayo kompyuta inayafuata hatua kwa hatua bila kuuliza kwa nini, na baba yangu mzee Wilibrodi aliponiambia wazee wa ukoo wajulishwe kwamba Jumapili hii tunakwenda kwa akina Jenifa kupanga siku ya ndoa, akaongeza, "Wewe si una kompyuta? Haya, tangaza," nami nikaona hapa ndipo pa kumwonyesha mzee kwamba kusoma kwangu hakukuwa bure. Sasa wewe Bi Mwantum umekaa nasi Wafipa tangu utoto wako, desturi zetu unazijua. Katika ukoo wetu habari ya ndoa haimruki mkubwa ikamfikia mdogo, inaanza kwa aliye mkubwa wa wote, naye huamkiwa kwanza, akishaitikia ndipo anaambiwa, akisharidhia ndipo anafuata wa pili, na ukimruka mtu haji, au anakuja na kukaa nje na kukataa chakula mpaka kila mgeni awe amemwona anavyokikataa.

Basi nikaiandika programu yangu kwa lugha ya Python, na nikaiandika kwa adabu. Tuma shikamoo kwa mkubwa wa wote. Subiri marahaba. Ikija marahaba, toa habari. Subiri aridhie. Kisha nenda kwa anayefuata kwa umri. Nikaitoa laini yangu kwenye simu nikaichomeka kwenye modemu ya laptop ili wazee waione namba wanayoijua, na nikaagiza kwamba ujumbe wa mtu mwingine yeyote ukiingia uwekwe pembeni mpaka zamu yake ifike. Nikaiwasha, nikaiona imetuma shikamoo ya kwanza kwa baba mkubwa Adolfu wa Kasense, nikafurahi, nikapanda gari nikaenda Kasesya ambako wakala mmoja wa mizigo kompyuta zake ziligoma na malori yamepanga foleni mpakani.

Kule mpakani nilikaa siku kadhaa kwa amani kabisa, sina laini, sina wasiwasi, nikijua programu inazunguka ukoo mzima kwa niaba yangu. Niliporudi Chanji nikakuta iko palepale nilipoiacha. Haikuwa imeharibika, Bi Mwantum, wala haikuonyesha kosa lolote, ilikuwa imekaa kimya mbele ya jina la baba mkubwa Adolfu ikisubiri marahaba, na nyuma yake ukoo wote umesimama, na meseji za watu zimejaa pale pembeni hazijasomwa, na nyingi kati ya hizo ni za Jenifa. Ya kwanza ilisema "mambo mpenzi, umefika?" Ya mwisho sitaiandika hapa kwa kuwa gazeti lako linasomwa na watoto.

Nilipofanikiwa kuzungumza naye akaniuliza zamu yake ilikuwa ya ngapi, nami kwa kuwa sijazoea kusema uongo nikamwambia ukweli kwamba alikuwa wa mwisho, kwa sababu niliwapanga watu kwa umri na yeye ndiye mdogo kuliko wote. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Sasa hapo ningesimamisha bodaboda nikaenda Kasense, nakubali, si mbali. Lakini nilikuwa nimeudhika na programu yangu nikataka kuishinda kwanza, nikaingia mtandaoni nikasoma kwamba kuna namna ya kuiambia kompyuta isome bila kusimama, yaani ichungulie kama kuna ujumbe, na kama hakuna irudi hapohapo na kusema "hakuna kitu kwa sasa, jaribu tena." Nikabadilisha. Nikaiwasha. Nikaenda kwa Mama Margareth kula ugali wa ulezi na maharage. Tatizo ni kwamba mimi niliandika kuwa programu ikiambiwa jaribu tena, ijaribu tena tangu mwanzo, na mwanzo ni shikamoo.

Baba mkubwa wakati huo alikuwa kwenye kikao cha kigango kanisani na simu yake ya vitufe ambayo hulia kama jogoo kila meseji inapoingia. Ikalia. Akasoma, shikamoo. Ikalia tena, shikamoo. Ikalia mfululizo mpaka mwenyekiti akashindwa kusema, na mzee mmoja akauliza, "Adolfu, ni nani huyo anakuamkia namna hiyo?" na baba mkubwa akajibu kwamba namba ni ya mtoto wa mdogo wake lakini mtoto mwenyewe tangu wiki iliyopita akipigiwa hapatikani. Na wewe unajua mji wetu unavyosemwa kwa uchawi. Watu wakaanza kuangaliana. Mama mmoja akatoa chupa ya maji ya baraka akainyunyizia simu, simu ikalowa ikazimika, na kule kuzimika ndiko kulikowathibitishia wote kwamba kulikuwa na jambo ndani yake.

Haya yote nimeambiwa na shangazi Stefania, ambaye amenipa na maneno ya baba mkubwa kama yalivyo: "Mtoto akikuamkia kwa maandishi maana yake yuko njiani anakuja. Nilimfungia kuku wa kumchinjia. Nikakaa, sikumwona, nikapiga simu, haipatikani. Sasa ananiamkia kama mtu anayeponda mahindi. Mimi mashine siiitikii." Na asipoitikia yeye, wadogo zake hawafungui mdomo, na wasipofungua mdomo hakuna wa kwenda kwa akina Jenifa Jumapili, na baba yake Jenifa, mzee Loth, ameshasema kwamba nyumba isiyojibu wiki nzima ni nyumba iliyoghairi.

Bi Mwantum, mimi sikumdharau mtu, nilichotaka ni heshima ifuate mstari wake. Naomba unishauri. Wapo wanaoniambia niigawe programu niwe na mtumishi mmoja kwa kila mzee, kila mtumishi asubiri wa kwake, wapo wanaoniambia niache Python nihamie lugha nyingine ambayo haisimami kusubiri mtu, na mimi mwenyewe nafikiria kuongeza muda kati ya shikamoo na shikamoo. Na Jenifa nimweleweshe vipi kwamba ujumbe kuwekwa pembeni si dharau bali ni foleni tu?

Ni mimi,
Calvin, Chanji, Sumbawanga

*

Marahaba, mwanangu Calvin.

Barua yako nimeisoma nikiwa dukani, nikacheka mpaka mteja akaahirisha kununua kitenge akidhani namcheka yeye. Kisha nikafika mahali pa kuku, nikaiweka barua chini. Kuku nitamrudia. Kwanza niseme kwamba nakuonea huruma, kwa sababu umetaka kufanya jambo jema na limekugeuka, na kijana anayejali mstari wa wazee siku hizi ni wa kutafuta. Huruma yenyewe imeishia hapo.

Kwa mambo ya kompyuta sikutaka kubahatisha. Nilimwita Munira, mtoto wa dada yangu, ambaye kazi yake ni hiyohiyo yako, nikampa barua aisome. Alipofika kwenye "jaribu tena tangu mwanzo" aliinama juu ya meza ya kukatia vitambaa akawa anatikisika mabega. Aliporudiwa na pumzi akanieleza, nami nakupa kama nilivyoelewa, na pale nitakapokosea usije kunisahihisha, una kazi nyingine wiki hii.

Kosa lako si kusubiri. Kusubiri ni sehemu ya maisha, na mzee ana haki ya kujibu kwa mwendo wake. Kosa lako ni kwamba ulimsubiri mmoja huku umewafungia mlango wengine wote. Mimi hapa dukani akija mama akasema, "Subiri nimpigie shangazi yake bibi harusi nimuulize rangi," simwachi anayemfuata asimame na mtoto mgongoni mpaka shangazi apatikane. Namwambia mama kaa kwenye benchi, ukipata jibu niite, halafu namhudumia mwingine. Akiniita, narudi kwake pale tulipoachia, siyo kumuuliza upya jina lake na kama amelala salama. Munira anasema hivyo ndivyo programu yako ilivyopaswa kuwa. Tuma, andikisha kwamba unangoja jibu la nani, kisha kaa mahali pamoja unaposikia miito yote, na yeyote atakayejibu ndiye unayemhudumia. Na kwa kila mmoja kumbuka umefika naye wapi. Kama ameshaamkiwa, ameshaamkiwa. Mtu haamkiwi mara mbili asubuhi moja, sembuse vile ulivyomfanyia baba yako mkubwa.

Na lile neno "hakuna kitu kwa sasa" ulilielewa kama kosa, kumbe ni jibu kamili. Linakuambia nenda kafanye mengine, utaitwa. Wewe ukalifanya amri ya kugonga mlango upya. Munira anasema kosa hilo linawapata wengi wanaoanza, wanatoka kwenye kuganda wanaingia kwenye kusumbua, na kompyuta nayo inachemka bure kwa kuchungulia chungulia. Kuongeza muda kati ya shikamoo na shikamoo hakutibu kitu. Utakuwa umemsumbua mzee polepole.

Umeuliza habari ya mtumishi mmoja kwa kila mzee. Yawezekana, amesema Munira, lakini kwa ukoo kama wenu utakuwa na nyumba iliyojaa watumishi waliosinzia, na wakianza kugombania modemu moja utaniandikia barua nyingine. Umeuliza pia habari ya kuhama lugha. Mwanangu, Python ina zana za kazi hii tangu zamani, na ungezisoma hadi mwisho badala ya kwenda kula ungeziona. Anayehama nyumba kwa sababu mlango umefungwa kwa ndani na yeye ndiye aliyeufunga, huko anakohamia ataufunga vilevile. Na kila unapongoja, weka kikomo. Kikipita, programu isikae kimya kana kwamba mambo ni mazuri. Ikuambie, "Mzee huyu hajajibu, nenda." Ukimya wa mashine ulikudanganya kule Kasesya, ukakaa mpakani kama bwana harusi aliyekwisha kuoa.

Na tena, desturi yenu inasema mdogo asipewe habari kabla ya mkubwa. Vema, hilo lilindwe, habari ya ndoa ingoje ruhusa ya baba mkubwa. Lakini desturi haikusema meseji ya Jenifa ya "umefika?" nayo ingoje ruhusa ya baba mkubwa. Hapo uliunganisha vitu viwili visivyohusiana kwa sababu vinapita kwenye laini moja. Chenye mstari kiache kwenye mstari wake, kisicho na mstari kipite.

Sasa tuje Kasense.

Baba yako mkubwa alipata shikamoo yako ya kwanza akaiheshimu kuliko ulivyoiheshimu wewe. Akajua mtoto anakuja. Akafunga kuku. Akakaa akiangalia njia. Wewe ulikuwa umeiacha mashine ikimsubiri yeye, naye anakusubiri wewe, na mngeendelea hivyo mpaka masika yajayo bila yeyote kati yenu kuwa na ubaya. Mwanangu, heshima ya shikamoo iko kwenye mtu aliyeitamka kubaki pale na kusikiliza. Ukiituma na kuondoka umemgeuza mzee kuwa kituo cha kupitia. Sisemi programu ni haramu, wala usiitupe. Itakufaa kuwakumbusha watu saa, kuwauliza nani anahitaji usafiri, nani ameshafika na nani yuko njiani, na Munira amekubali kuipitia pamoja nawe. Lakini shikamoo kwa mkubwa wa ukoo peleka miguu yako.

Nenda kesho asubuhi, kabla hajatoka kwenda shambani. Usiende peke yako, kwani mtu aliyemkosea mkubwa huenda na mtu wa kumsemea. Nenda na shangazi Stefania, ambaye kwa barua yako naona ana masikio mazuri na mdomo usioongeza chumvi. Chukua sukari, na chukua simu ya vitufe badala ya ile iliyobarikiwa ikafa. Mlio wa jogoo msimwekee. Ukifika, piga goti, piga makofi kama mlivyofundishwa, mwamkie mara moja tu, halafu unyamaze. Akikaa kimya, kaa naye kimya. Hapo ndipo pa kusubiri kweli, na hapo usiweke kikomo. Usimweleze habari ya foleni wala modemu. Sema, "Baba mkubwa, nilikuamkia nikaondoka, nisamehe." Mzee aliyefunga kuku anatafuta sababu ya kukusamehe kuliko wewe unavyotafuta msamaha. Akishaitikia, mwombe yeye mwenyewe awapigie wadogo zake. Hakuna programu itakayowafikia upesi kuliko sauti yake akiwa amefurahi.

Lakini kabla ya Kasense kuna mahali pengine, na ndiyo maana barua yako nimeitoa wiki hii badala ya kuiacha ingoje nyuma ya wengine.

Jenifa alikuja dukani kwangu. Hakuja kununua, alikaa kwenye benchi akawa anashika shika vitambaa mpaka wateja wakapungua. Huwa sitoi ya watu nje, na haya nayasema kwa ruhusa yake. Alikuwa hajui kama umeniandikia. Alinisimulia habari zako bila kukutukana hata mara moja, jambo lililonitia hofu kuliko angekutukana, maana mwanamke anayekutukana bado ana mazungumzo na wewe. Aliniuliza afanye nini, kwa kuwa nyumbani kila mtu anamwambia lake, na baba yake anaona aibu kwa majirani ambao walishaanza kuuliza siku.

Nikampa ushauri uleule niliokupa wewe, wakati huo Munira hajanieleza kwamba kompyuta nayo inauhitaji. Nikamwambia asisimame mlangoni akikungoja. Aende kazini, acheke na wenzake, ashone nguo yake akipenda, maisha yake yaendelee, na ukija akusikilize.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Bi Mwantum, kusubiri naweza. Mimi ni mtoto wa mkulima, kila mwaka tunasubiri mvua na hatukasiriki. Ninachotaka kujua ni kama na yeye kuna siku ananisubiri mimi."

Nilimkunjia kitambaa alichokuwa anakishika nikampa aende nacho.

Umeniuliza umweleweshe vipi kwamba kuwekwa pembeni si dharau bali ni foleni tu. Usimweleweshe. Ameelewa vizuri kabisa, ndiyo maana anaumia. Nenda kwao leo. Yeye hutoka kazini jioni na hupita kwanza kisimani, kwa hiyo utafika kabla yake. Mwambie mama yake umekuja kumngoja, ukae hapo uani wakuone wote, na usiondoke mpaka arudi.